Karatasi Tatu, Alama Mia Mbili: Mwongozo wa Sayansi za KCSE kwa Mtahiniwa wa Kilifi na Malindi

Kabla hujafungua kitabu cha marudio, piga hesabu hii. Kila somo la sayansi katika KCSE, iwe fizikia, kemia au biolojia, lina karatasi tatu. Ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ile ya maabara, ina 40. Jumla ni 200, kisha hugeuzwa kuwa asilimia. Sasa wachukue wanafunzi wawili waliopata alama 100 kila mmoja kati ya zile 160 za nadharia. Maabarani mmoja akapata 15, mwenziwe akapata 32. Wa kwanza ana 115, yaani asilimia 57 na nusu. Wa pili ana 132, asilimia 66. Wamesoma vitabu vilevile na kukesha usiku uleule, lakini gredi zao hazitakaa safu moja.

Maoni yangu, ambayo walimu wenzangu wengine hawayapendi, ni kwamba karatasi ya tatu ndiyo nyepesi kuliko zote kwa mwanafunzi wa wastani kuongeza alama, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Nadharia haina mwisho. Maabara ina umbo lake, na umbo hilo hurudi mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo mwongozo huu utapita haraka katika karatasi mbili za kwanza, kisha utakaa maabarani kwa muda mrefu, na baadaye utakutoa nje, ufuoni na msituni, kwa sababu sehemu kubwa ya silabasi imelala hapo mlangoni pako.

Umbo la mtihani

Baraza la Mitihani, KNEC, limekuwa likitahini KCSE tangu 1989. Silabasi inayotumika ni ile ya 8-4-4 iliyorekebishwa 2002, na kila swali hutoka humo. Karatasi za nadharia huchukua saa mbili kila moja. Alama 80 kwa dakika 120 ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Swali la alama mbili lililokula dakika kumi limekuibia alama nne au tano za kwingineko. Liruke, utalirudia.

Fizikia ndiyo pekee inayozigawa mada zake waziwazi. Karatasi ya kwanza ni ya vipimo, nguvu, mgandamizo, mwendo, mashine, joto, sheria za gesi, mwendo wa mduara, kuelea na kuzama. Ya pili ni ya nuru, sauti na mawimbi, umeme na sumaku, eksirei, unururifu na elektroniki. Zote mbili zina sehemu A yenye maswali mafupi ya alama 25, na sehemu B yenye maswali marefu ya alama 55. Faida yake ni kwamba ukishamaliza karatasi ya kwanza unaweza kuyaweka kando madaftari ya mwendo na joto, usiku huo ukashika nuru na umeme peke yake.

Kemia haina mgawanyo huo. Mada yoyote, kuanzia utenganishaji wa michanganyiko wa kidato cha kwanza hadi unururifu wa kidato cha nne, inaweza kutokea karatasi ya kwanza au ya pili. Tofauti ni mtindo tu: ya kwanza ni maswali mengi mafupi, ya pili ni machache marefu yenye vipengele vinavyofuatana. Moli za kidato cha tatu ndizo uti wa mgongo wa kemia yote, maana utazikuta katika gesi, katika nishati, katika elektrokemia, na tena katika titresheni maabarani. Mwanafunzi asiyezielewa moli hapotezi swali moja, hupoteza robo ya mtihani.

Biolojia karatasi ya pili ina mtego wake. Sehemu A ina maswali matano ya alama nane nane. Sehemu B inaanza na swali la sita, ambalo ni la lazima, na mara nyingi huwa la data na grafu. Kisha unachagua insha moja, swali la saba au la nane, alama 20. Usichague insha kwa kuipenda mada. Orodhesha pembeni hoja ulizonazo kwa kila swali, kisha uchague lenye hoja nyingi. Mtahini hahesabu uzuri wa lugha, anahesabu hoja, na kwa kawaida mwongozo wa kusahihisha una hoja zaidi ya 20. Ukiandika 24 sahihi, nne zikaanguka, bado umejaza.

Mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, hilo unalijua. Lakini nimeona mara nyingi kwamba mwanafunzi anayeweza kumweleza nduguye kwa Kiswahili au Kigiriama kwa nini barafu huelea, huyo ataandika jibu la Kiingereza lenye mantiki. Aliyekariri sentensi ya kitabu huvurugika swali likigeuzwa kidogo tu. Fundishaneni kwa lugha ya nyumbani, andikeni kwa lugha ya mtihani.

Maabarani

Kemia huchukua saa mbili na robo, fizikia saa mbili na nusu, biolojia saa moja na dakika 45. Katika masomo yote matatu dakika 15 za mwanzo ni za kusoma tu, na huruhusiwi kugusa kifaa. Wanafunzi wengi huzitumia kuangaza macho huku na huku. Wewe tafuta vitu viwili. Kwanza, ni jaribio gani lina kusubiri ndani yake: maji ya kuchemka, mmumunyo wa kupoa, kipande cha kiazi cha kuloweka. Hilo ndilo litakaloanza, na wakati linasubiri utafanya jingine. Pili, ni vifaa gani vimetajwa katika karatasi lakini havipo mezani kwako. Vihesabu kwa macho. Muda wa kazi ukianza, inua mkono papo hapo, usingoje ufike katikati ya jaribio ndipo ugundue huna kiashiria.

Tuingie katika titresheni, kwa sababu ndiyo swali la kwanza la kemia karibu kila mwaka, na jedwali lake huwa na alama tano ambazo hazihitaji akili nyingi bali utulivu. Alama hizo hugawanywa hivi. Moja ni ya jedwali lililojaa: mara tatu umefanya, kila safu ina usomaji wa mwisho, wa mwanzo na tofauti yake, na hesabu ya kutoa haina kosa. Moja ni ya desimali: ukianza na tarakimu moja baada ya nukta, iwe moja kila mahali, ukitumia mbili, ya mwisho iwe 0 au 5, kwa sababu bureti haisomeki zaidi ya hapo. Moja ni ya usahihi, moja ni ya kuchagua usomaji unaofaa kupigiwa wastani, na ya mwisho ni ya usahihi wa wastani wenyewe.

Usahihi unalinganishwa na nini? Hapa pana siri iliyo wazi ambayo watoto wengi hawaambiwi. Mwalimu wako wa kemia hufanya jaribio hilohilo kwa mimumunyo ileile, na jibu lake hupelekwa kwa watahini pamoja na karatasi zenu. Hilo ndilo kipimo. Jibu lako likiwa ndani ya 0.1 ya lake, umepata alama nzima. Likiwa ndani ya 0.2, nusu. Kwa hiyo kubuni nambari kwa kukumbuka jibu la mtihani mwigo wa shule jirani ni kujichimbia shimo. Mimumunyo ya shule ya Malindi mjini na ya shule ya Ganze haikukorogwa kwenye ndoo moja, na majibu yake hayalingani.

Tuseme umepata 24.3, 24.2 na 24.2. Zote ziko ndani ya 0.2, basi jumlisha, gawanya kwa tatu, upate 24.23. Onyesha kazi hiyo kwa maandishi. Ukipata 25.1, 24.2 na 24.2, ile ya kwanza iache nje na upige wastani wa mbili zinazokubaliana. Anayezijumlisha zote tatu kwa pupa hupoteza alama ya kuchagua, na mara nyingi ya wastani pia. Bureti nayo ina cm³ 50. Nimeshaona usomaji wa mwisho wa 51.6 katika daftari za majaribio, na hapo mtahini haulizi mara mbili.

Swali la pili na la tatu la kemia ni la kutambua chumvi na misombo ya kaboni kwa matone ya vitendanishi. Kanuni ni moja: uliloliona liandikwe kwanza, unalolihitimisha lifuate, na la pili haliwezi kuishi bila la kwanza. Ukitia hidroksidi ya sodiamu tone kwa tone, mashapo meupe yakajitokeza, kisha yakayeyuka ulipozidisha, andika yote mawili: yalivyotokea na yalivyoyeyuka. Hapo ioni zinazowezekana ni za zinki, alumini au risasi. Zitaje zote tatu pamoja na chaji zake. Ukiacha moja alama inakatwa, na ukiongeza isiyohusika inafuta iliyo sahihi. Kisha amonia itakusaidia kuchuja: mashapo ya zinki huyeyuka katika amonia nyingi, ya alumini na risasi hayayeyuki. Iodidi ya potasiamu itamaliza ubishi, maana risasi hutoa mashapo ya manjano yasiyofichika.

Jaribu kufanya mpangilio huo mara nyingi shuleni kwa chumvi halisi. Shule yenye maabara duni inaweza kuomba siku moja katika shule jirani; walimu wakuu wengi hukubali wakiombwa kwa adabu na mapema, kabla ya muhula wa tatu.

Fizikia ina maswali mawili ya alama 20 kila moja. Aghalabu nusu ya watahiniwa huanza na la kwanza, nusu la pili, kisha hubadilishana, kwa hiyo ukichelewa katika moja huna pa kukopa. Grafu ndiyo hazina: mihimili yenye majina na vizio, skeli inayotumia zaidi ya nusu ya karatasi na isiyo ya tatu tatu wala saba saba, nukta zilizowekwa sawasawa, na mstari uliochorwa kwa rula ukipita katikati ya nukta badala ya kuziunganisha moja moja. Unapotafuta mteremko, chora pembetatu kubwa na uchukue nukta zilizo juu ya mstari wako. Usichukue nambari kutoka kwenye jedwali. Na mteremko una kizio chake, uandike.

Biolojia hutaka jicho na penseli. Mchoro uwe na mstari mmoja usiokatika, bila kivuli, mistari ya majina isipishane, na ukuzaji uonyeshwe kwa kugawa urefu wa mchoro kwa urefu wa kitu chenyewe, alama ya kuzidisha ikitangulia nambari. Vipimo vya chakula ukivijua kwa mpangilio huna wasiwasi: iodini kwa wanga, Benedict kwa sukari na lazima kipashwe moto, hidroksidi ya sodiamu na salfeti ya shaba kwa protini na hakihitaji moto, DCPIP kwa vitamini C. Kosa linalorudi kila mwaka ni kusahau kuandika kwamba Benedict kilipashwa moto. Hatua hiyo moja isipoonekana, alama huondoka.

Joto la Pwani na majibu ya bara

Hapa nataka usome polepole, kwa sababu vitabu vya marudio vinaandikwa na kuchapishwa Nairobi, nasi tunaishi usawa wa bahari. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huko maji huchemka karibu nyuzi 94 au 95. Kilifi na Malindi huchemka karibu na 100. Ukifanya jaribio la kupoa kwa maji, usomaji wako wa kwanza utakuwa mkubwa kuliko ule wa kitabuni. Ni sahihi. Usiupunguze ili ufanane.

Vivyo hivyo joto la chumba. Katika majaribio ya nishati ya kemia, vitabu vingi huanzia nyuzi 22 au 25. Maabara ya Malindi mwezi wa Novemba haina 22, labda uifungulie jokofu. Ukiona 29 au 30, andika 29 au 30. Wapo wanaoogopa nambari hiyo wakaandika ya kitabuni, na mtahini mwenye jibu la mwalimu wao mkononi akaona mara moja kwamba kipima joto hakikusomwa.

Unyevu nao ni wetu. Punje za hidroksidi ya sodiamu zikiachwa wazi hunywa maji ya hewani na kulowana kama zimenyeshewa, ndiyo maana mwalimu hufunga chupa haraka. Ukiulizwa katika karatasi ya nadharia kuhusu dutu inayofyonza unyevu mpaka ikayeyuka ndani yake, usitafute mfano wa mbali. Chumvi ya mezani inayolowana kwenye kibakuli cha jikoni kwenu imechanganyika na kloridi ya magnesiamu, na hiyo ndiyo inayovuta maji.

Silabasi iliyo nje ya darasa

Chumvi hiyo hiyo inavunwa Gongoni, Ngomeni na Marereni. Mtu akikuuliza uvukizaji na ufuwele wa hatua kwa hatua ni nini, una mfano ambao mtoto wa Eldoret hana. Maji ya bahari huingizwa mabwawa mapana, jua na upepo huyakausha, yakihamishwa bwawa hadi bwawa. Kabonati na salfeti za kalsiamu hutangulia kuganda. Kisha, maji yakizidi kukolea, hufuata chumvi ya kula, na maji machungu yanayobaki mwishoni ndiyo yenye magnesiamu. Ukienda huko kwa ziara ya shule, waombe walimu msimame bwawa baada ya bwawa mkiandika kilichobadilika. Swali la utenganishaji wa michanganyiko huwa halikusumbui tena.

Visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake ni magumu. Sabuni haitoi povu, na birika hubaki na ukoko mweupe ndani. Mada ya ugumu wa maji iko kidato cha nne, chini ya asidi, besi na chumvi. Ugumu wa muda, wa bikaboneti, huondoka kwa kuchemsha, na ukoko wa birika ndio ushahidi wake. Matumbawe yenyewe ni kabonati ya kalsiamu. Yakichomwa tanurini hutoa dioksidi ya kaboni na kubaki chokaa hai. Ukiimwagia maji inapata joto kali na kuwa chokaa iliyozimwa, ile ambayo wazee walijengea nyumba za mawe. Ule mfuatano mzima wa milinganyo ya kemia ya kalsiamu ni historia ya mjini. Ukitaka kuuona kwa ukubwa wa kisasa, kipo kiwanda cha saruji cha Vipingo.

Biolojia iko Mida, kwenye hori la mikoko. Ikolojia ya kidato cha tatu inataka ujue mimea ya maji, ya nchi kavu, ya jangwa, na ile inayoishi katika chumvi. Hii ya mwisho wanafunzi wengi huikariri kutoka kwenye picha. Wewe tembea kwenye njia ya mbao pale Mida, uangalie mchu unavyotoa mizizi ya kupumulia iliyosimama kama penseli zilizochomekwa matopeni, na mkoko unavyojishikilia kwa mizizi ya magongo. Mchu hutoa chumvi kupitia majani. Lilambe jani upate jibu. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado juu ya mti mama. Hayo ni marekebisho manne, na katika swali ni alama nne.

Majina ya kisayansi nayo yana adabu yake: Rhizophora mucronata ni mkoko, Avicennia marina ni mchu. Jina la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo, na ukiandika kwa mkono kila moja lipigiwe mstari wake peke yake. Ukipiga mstari mmoja mrefu chini ya yote mawili umepoteza alama.

Papo hapo matopeni unaweza kujifunza kukadiria idadi ya viumbe. Kamata kaa 40, watie alama isiyowadhuru, waachie. Siku ya pili kamata 50, uhesabu wenye alama. Wakiwa 10, idadi yote ni 40 mara 50 gawanya kwa 10, yaani 200. Swali la mtihani huendelea kuuliza ni yapi uliyoyachukulia kuwa kweli: kwamba hakuna waliohama wala kuhamia, kwamba alama hazikufutika, kwamba waliowekwa alama walichanganyika na wenzao. Ukiwa na matope hadi magotini maswali hayo hujibika yenyewe.

Fizikia nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayotisha, na kwa Malindi haipaswi kutisha. Ngomeni pana kituo cha anga cha Luigi Broglio, na baharini mbele yake kuna majukwaa ya San Marco ambako Waitaliano walirusha setilaiti kuanzia 1967 hadi 1988. Swali la kwanza la mwanafunzi: kwa nini walikuja huku? Mzingo wa dunia katika ikweta ni kilomita 40,000 hivi, na huzunguka kwa saa 24. Gawanya: kilomita 1,667 kwa saa, yaani mita 463 kwa sekunde. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ngomeni, nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, tayari ina kasi hiyo kabla haijawashwa. Hapo umefanya mwendo wa mduara. Gesi inayotoka nyuma na roketi inayokwenda mbele ni sheria ya tatu ya Newton. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa kutoka hapo setilaiti ya kupima eksirei za angani, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Jamhuri ikaitwa Uhuru. Eksirei ziko kidato cha nne. Mada tatu kutoka jukwaa moja.

Kuelea ni jambo la wavuvi. Ngalawa iliyopakia ikitoka baharini kuingia maji matamu ya mdomo wa Sabaki huzama kidogo zaidi. Uzito wake haukubadilika, kwa hiyo uzito wa maji inayoyasukuma haukubadilika. Lakini maji ya bahari yana kilo 1,025 kwa mita ya ujazo na ya mto 1,000, basi ujazo unaosukumwa lazima uongezeke. Mwanafunzi akiweza kuyaandika hayo kwa sentensi tatu, swali la alama tatu limekwisha.

Miezi ya mwisho

Tafuta ripoti za mtihani za KNEC, zile zinazotolewa baada ya kila KCSE. Walimu huzitumia, wanafunzi wengi hawazijui. Humo Baraza linaeleza swali kwa swali ni wapi watahiniwa walianguka na jibu lilivyotakiwa liwe. Ripoti za miaka mitatu zina faida kuliko rundo la karatasi za mitihani mwigo zenye majibu ya kubahatisha.

Pesa unayoambiwa utume kwenye simu ili upewe karatasi kabla ya siku, ibaki mfukoni. Karatasi hizo nyingi ni bandia, na hata iliyo halisi ni balaa: Sheria ya KNEC ya 2012 inafanya kuwa kosa la jinai kuwa na karatasi ya mtihani kabla ya wakati wake, na Baraza hufuta matokeo. Orodha ya vifaa inayotumwa shuleni kabla ya mtihani wa maabara ni ya mwalimu. Huko WhatsApp huwa ni ya uongo au ni ya kukutia matatani.

Mtahiniwa wa kujitegemea ajue jambo moja kabla ya kujiandikisha: kituo chenye maabara na mwalimu wa kumwandalia vifaa ni lazima, na apate nafasi ya kufanya mazoezi humo. Bila hiyo, zile alama 40 zimekwenda, na bora achague somo jingine.

Na wa kidato cha tatu 2026 wasikie vizuri. Waliofanya KCPE ya mwisho 2023 ndio watakaofanya KCSE ya 8-4-4 mwaka 2027, na nyuma yao shuleni hakuna kidato cha nne kingine cha kurudia. Wadogo zao wako katika shule ya juu ya mtaala mpya, na mitihani yao ni mingine.

Kuanzia 2023 gredi ya wastani hukokotolewa kwa hisabati, lugha moja bora na masomo mengine matano bora, kwa hiyo sayansi dhaifu inaweza kuachwa nje. Usidanganyike na hilo ikiwa unataka njia ya sayansi. Anayetaka kusomea ualimu wa sekondari anahitaji C+ ya wastani na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Shahada nyingine za sayansi zina masharti yake ya masomo, na yatazame kabla ya kuchagua.

Wapo wanaoniuliza kuhusu uhadhiri, hasa tangu Chuo Kikuu cha Pwani, kilichokuwa chuo kishiriki 2007, kilipopewa hati yake Januari 2013 hapa Kilifi. Kenya haina mtihani wa kitaifa wa kustahiki uhadhiri. Vigezo vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya 2014 vilitaka kwa kawaida mhadhiri awe na shahada ya uzamifu, na huko hufiki bila shahada ya kwanza, wala ya kwanza bila gredi za KCSE. Kwa hiyo, kwa mtoto wa Kilifi anayewaona watafiti wa taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, wakipita na makoti meupe na anataka kuwa mmoja wao, mtihani wa kustahiki ni huu ulio mbele yake.

Siku ya maabara beba kalamu mbili, penseli kali ya HB na ya ziada, rula, kifutio, jiometri kamili, na kikokotoo kisicho na programu. Fika mapema, barabara ya kutoka Ganze au Magarini haina huruma wakati wa mvua za vuli. Mezani hakikisha majina kwenye chupa yanalingana na yaliyo kwenye karatasi. Ukivunja kifaa mwite msimamizi, pokea kingine, endelea. Na kila usomaji uandike kwenye karatasi ya mtihani palepale ulipousoma, usiuandike kiganjani wala kwenye karatasi chakavu ili uje uunakili baadaye.